Kapteni Salaria, Mgeni Aliyefia Lubumbashi

Hapa Kasomeno, ukiwauliza vijana habari za vita vya kujitenga kwa Katanga na Kongo, watakutajia Tshombe, kiongozi wa Katanga, na Lumumba, waziri mkuu wa Kongo. Mimi huwaongezea Kapteni Gurbachan Singh Salaria wa jeshi la India. Mwaka 1947 India ilipogawanywa, familia yake ilihama kutoka upande uliokuja kuwa Pakistani. Baadaye akaja Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na jeshi la ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Desemba 1961, yeye na askari 16 wa Gurkha, wenye asili ya Nepali, walivamia kizuizi cha barabarani cha wanajeshi wa Katanga wapatao 90, wakitumia hata khukuri, visu vyao vilivyopinda. Akapigwa risasi shingoni, akafa akiwa na miaka 26. India ilimtunukia Param Vir Chakra, nishani yake kuu ya ushujaa vitani. Watu wa Katanga nao walizika watoto wao. Tuwakumbuke wote.