Wati Mia za Nini?

Mpiga gitaa wa Shinyanga au Geita anayekusudia kununua amplifaya huanza na swali moja: ina wati ngapi? Ofisa anayetumwa kumnunulia naye huanza na swali hilo hilo, na kwa kadiri tulivyoona, mara nyingi haendi mbali zaidi ya hapo. Wati ni tarakimu, tarakimu huandikika katika hati ya manunuzi, na tarakimu kubwa huonekana kuwa na thamani kuliko ndogo. Hatuwalaumu waandikao hati. Lakini mlio wa gitaa hauishi ndani ya tarakimu hiyo, na fedha nyingi zimekwisha kupotea kwa kuutafuta humo.

Tulipata kukaa katika ukumbi mmoja mjini Kahama ambamo bendi ya vijana ilipiga kwa vyombo vipya, zawadi ya taasisi ambayo hatutaitaja. Gitaa la solo lilikuwa limeunganishwa na amplifaya ya valvu yenye wati 100. Kila kijana yule alipokizungusha kitufe cha sauti kupita alama ya kwanza, mwimbaji aligeuka akamtazama, na waliokaa meza za mbele walishika masikio. Basi usiku kucha chombo kile kilifanya kazi kikiwa kimefumba macho, kikitoa sauti nyembamba iliyokauka, nasi tukarudi nyumbani tukijiuliza ni nani aliyekichagua.

Yafaa tueleze kidogo jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Valvu ni zile taa za kioo ambazo wazee wetu walizifahamu ndani ya redio za zamani, zilizohitaji kungojwa zipate moto kabla ya kusema. Transista ziliziondoa katika redio, lakini wapiga gitaa wa dunia nzima hawajakubali kuziacha. Sababu ni kwamba valvu ikielekea ukomo wa nguvu zake haikati sauti ghafula. Huibana kwa upole, ikaijaza na kuipa joto. Nusu ya utamu wa mlio hupatikana hapo, chombo kinapofanya kazi ya kutosha. Chombo kikubwa mno kwa ukumbi hakifiki hapo kamwe.

Mbona basi wati 100 zilibuniwa? Katika miaka ya 1960, vipaza sauti vya kumbi za Uingereza vilibeba sauti ya mwimbaji tu, na gitaa lililazimika kujitangaza lenyewe hadi nyuma ya ukumbi. Vox AC15 ya mwaka 1958, yenye wati 15 zilizotoka katika valvu mbili za EL84, ikaonekana haitoshi. Ikafuata AC30, na mwaka 1965 Marshall wa London akawatengenezea The Who kichwa cha wati 100. Leo maikrofoni moja ikiwekwa mbele ya spika, vipaza sauti vya ukumbi hulibeba gitaa pamoja na waimbaji. Haja iliyozaa wati 100 imekwisha kupata dawa nyingine.

Hesabu nayo iko upande wetu. Sikio la binadamu halihesabu wati kama karani. Ili sauti isikike imekuwa maradufu, nguvu hupasa kuongezwa kiasi cha mara kumi. Kutoka wati 15 hadi 100 ongezeko ni desibeli 8 na kitu, yaani hata maradufu haijatimia. Tena spika mbili zinazofanana kwa umbo zaweza kutofautiana kwa desibeli 3 zikipewa nguvu ile ile, na desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati maradufu. Mwenye fedha kidogo na anunue kichwa kidogo, yaani amplifaya peke yake isiyo na spika ndani, kisha fedha inayobaki aitie katika spika iliyo nyepesi kuitikia.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wauzaji wanaosifia kila chombo kidogo kwa jinsi kinavyokwaruza. Hiyo ni sifa ya muziki wa wengine. Sikilizeni kanda za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe alipokuwa na Morogoro Jazz, kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Gitaa ni safi. Kila nota inasimama peke yake, kwa sababu pembeni yake kuna gitaa la ridhimu, na magitaa hayo yanajibizana kama watu wawili barazani. Mlio ukikwaruza, mazungumzo yanakuwa ugomvi. Kwa hiyo kichwa cha wati 5 chenye valvu moja ya nguvu, ambacho hupendeza chumbani, kitamwaibisha mpiga dansi mara ngoma zitakapoingia. Sisi tunaona kipimo chetu ni wati 15 hadi 20, zinazotoka katika EL84 mbili au 6V6 mbili. EL84 hung'aa juu, nazo hulifaa gitaa la solo linalopita katikati ya tarumbeta. 6V6 ni laini zaidi, na mwenye gitaa lenye mlio mkali huenda akaishukuru. Zaidi ya hapo ni mapenzi ya mtu. Kwa besi na kinanda, transista yatosha, tena ni bora.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa Kome, Maisome, Izumacheli, Ukara na Ukerewe, ambao wanalo jambo ambalo mtu wa mjini halifikirii sana, nalo ni umeme. Kijiji cha Bwisya kisiwani Ukara kilipata mtambo wa umeme wa jua mwaka 2016, lakini muziki mwingi wa visiwani na wa minadani hupigwa kwa jenereta ya petroli. Nyuzi zinazopasha moto valvu zimetengenezewa volti 6.3. Jenereta ikipanda kutoka volti 230 hadi 260, nyuzi hizo hupata zaidi ya volti 7 na umri wa valvu hupungua. Ikishuka hadi 180, hupata chini ya 5, na gitaa husinzia. Stabilaiza si anasa. Na kabla ya yote, geuzeni chombo mwangalie nyuma: amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120, nayo ikichomekwa katika umeme wetu bila transfoma ya kuupunguza huungua kabla wimbo haujaanza.

Hapa udogo unaleta neema nyingine. Kichwa cha wati 15 hula wati 60 hadi 100 za umeme, basi. Betri moja ya volti 12 na ampia-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, itakiendesha kwa saa 6 hivi, ilimradi inveta iwe ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi hulifanya gitaa livume kama nyuki. Uzito nao ni wa kubebwa kwa mkono mmoja hadi kwenye mtumbwi pale Nkome, hali kichwa cha wati 100 hutaka vijana wawili na maneno mengi. Valvu za akiba zifungwe katika nguo, zivuke ndani ya kapu la mpigaji mwenyewe. EL84 na ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, zingali zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na hiyo ni sababu ya kutonunua chombo chenye valvu za ajabu ajabu. Kichwa kisiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya kutolea sauti huweza kufa. Na fundi redio akumbuke kwamba ndani ya chombo hicho hukaa volti 300 na zaidi, hata kikiwa kimechomolewa.

Dukani, usikubali kusikilizishwa na muuzaji kwa gitaa lake. Beba lako, na kama yawezekana spika yako. Piga nota moja moja katika nyuzi nyembamba, kisha nyuzi mbili pamoja, usikilize kama zinatengana au zinavurugana. Panda taratibu mpaka mlio unapoanza kukwaruza. Kama umekwaruza kabla ya sauti kufikia ile ya ngoma, chombo hicho ni kidogo mno kwako. Halafu mwachie mwenzako gitaa, urudi nyuma hatua kumi. Wacheza dansi watasimama hapo.

Kwa maofisa tuna neno. Desturi ya taasisi kumiliki vyombo si ngeni kwetu: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake. Leo vikundi vya vijana hukopeshwa bila riba kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana hugawana na wanawake na watu wenye ulemavu. Na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, wenye leseni za madini katika ukanda wetu wa dhahabu hupatana na halmashauri kuhusu mchango wao kwa jamii. Zawadi isiyofaa huishia stoo. Mkopo ulionunua chombo kisichofaa hauishii stoo; kijana huurejesha shilingi kwa shilingi, hata kama bendi imekwisha kufa.

Kwa hiyo tunaomba hati ya manunuzi iandikwe aina ya valvu, volti, na uwezo wa spika, badala ya wati peke yake. Tunaomba pia ofisa manunuzi asiende Mwanza peke yake. Aende na mpiga gitaa, gitaa likiwa mkononi, na kama kikundi ni cha Izumacheli, nauli ya boti ya kijana huyo iandikwe katika maombi yale yale.