Ndege Waagao Kaskazi Ikilegea

Toka mwisho wa Machi hadi Aprili, kaskazi inapolegea na kusi kujongea, mwenye mwembe uani mwake hapa Mwambao ana wageni, ajue asijue. Ni ndege waliokuja na kaskazi mfano wa majahazi ya Ghuba, na sasa warudi kwao kuzaa. Wako watakaokata Uarabuni hadi Urusi, ambako barafu yayeyuka na wadudu wanatoka.

Wengi wetu tukiwaona husema ni ndege tu. Haya, mtazame kubwiro, yule wa manjano apendaye vilele vya miti. Aprili huwapo wa namna mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Mmoja ni wa Ulaya na Asia, yuko njiani kuondoka. Wa pili atoka kusini mwa Afrika, ndiyo kwanza abisha hodi, naye atakaa nasi hadi Agosti. Ukitaka kuwatenga, tazama jicho la dume. Wa Ulaya ana weusi unaokoma jichoni, na mabawa meusi yenye doa dogo la manjano. Wa Afrika kapakwa wanja uliovutwa hadi nyuma ya jicho, kama bibi harusi, na mabawa yake yana pindo la manjano.

Kuna na yule wa kijivu, kifua michirizi hafifu, akaaye wima juu ya kamba ya kuanikia nguo. Huruka ghafla, akadaka nzi, akarudi pale pale. Tabia hiyo yatosha kumjua. Mwingine ni kijidege cha kijani na manjano, uzito gramu 10 hivi, mstari mweupe juu ya jicho, hakitulii majanini. Kabla ya kuondoka huimba, sauti ikianzia juu ikateremka kama mtu ashukaye ngazi.

Wengi wao husafiri usiku kwa nyota, kama manahodha wa zamani. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, wataalamu huwanasa na kuwavika pete miguuni tangu 1969, wanapoteremka kuja kwetu na ukungu na taa za hoteli zikawavuta chini.

Basi saa ya kuwatazama ni baada ya swala ya alfajiri, wametua na njaa. Wanahitaji mafuta mwilini kabla ya kuvuka majangwa, na chakula chao ni wadudu wa miti hii hii tunayoikata kupisha maghorofa. Ikifika Mei wa Ulaya wameshakwenda, na kubwiro utakayemwona mwembeni, kama mwembe ungalipo, ni yule mwenye wanja.