Chai ya kibandani Kariandusi na chai ya mkahawani Nakuru: Unalipia nini?

Kama wewe ni wa Gilgil, Kikopey, Mbaruk ama Kariandusi yenyewe, unajua mambo yalivyo. Ukishika pesa kidogo, iwe ya kibarua ama umetumiwa na mjomba aliye Nairobi, wazo la kwanza ni kupanda matatu uende Nakuru, uketi kwenye mkahawa wenye vioo, uagize chai na uipige picha kabla ya kuionja. Hakuna ubaya. Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021, na jiji lazima liwe na mikahawa. Lakini ukiwa pale, kabla weita hajaleta bili, hebu jiulize: hizi shilingi mia mbili na kitu, nimenunua nini hasa?

Si majani, hilo ni hakika. Majani yaliyo kwenye kikombe chako cha mkahawani na yaliyo kwenye sufuria ya mama wa kibanda kando ya barabara kuu, kwa kawaida ni ya aina moja: chembechembe nyeusi ndogo kama mchanga. Kiwandani, majani mabichi hupitishwa kwenye mashine zinazoyakata, kuyararua na kuyakunja, ndiyo maana hutoa rangi haraka yakiguswa na maji moto. Chai ya namna hiyo ndiyo inayofaa maziwa. Haiogopi kuchemshwa.

Kenya ilianza kupanda chai mwaka wa 1903, huko Limuru, na leo hii tunazalisha zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka. Karibu yote huenda nje, nyingi yake kupitia mnada wa Mombasa, na Pakistan ndiyo mnunuzi wetu mkubwa. Sisi wenyewe tunabaki na chini ya sehemu moja kwa kumi. Yaani hiyo chai unayoipiga picha ni masalio ya safari ndefu ambayo kwa kawaida haipiti mezani kwako.

Sasa tufanye hesabu, usikimbie. Kilo moja ya majani makavu hutoka kwa kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, yale majani mawili na chipukizi yanayochumwa kwa mkono. Kikombe kimoja kinahitaji gramu mbili na nusu hivi za majani makavu, sawa na gramu 11 za majani mabichi. Tuseme mkulima analipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi anapoyapeleka kituoni. Kikombe chako kimemletea kama senti 28. Hata ukimwongezea bonasi ya mwisho wa mwaka, ambayo wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa hulalamika kwamba yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, bado ni vigumu kufika shilingi moja. Ukinywa kikombe cha shilingi 25 kibandani ama cha shilingi 250 jijini, mkulima wa Kericho hajui tofauti.

Basi hizo nyingine zinaenda wapi? Zinalipia kiti. Na sisemi hivyo kwa kejeli. Kiti kizuri ni kitu cha maana. Ukiwa na mahojiano ya kazi saa tano na umefika jijini saa mbili, unahitaji mahali safi pa kukaa, soketi ya kuchaji simu, intaneti, choo chenye maji, na weita ambaye hatakuuliza unangoja nani. Msichana anayekutana na mtu aliyemjua mtandaoni anahitaji mahali penye watu na mwanga. Anayeandika ombi la ufadhili kwenye laptopu hawezi kuliandikia kwenye benchi huku mwanabodaboda akimpigia hesabu ya mechi ya jana sikioni. Kwa mambo kama hayo, shilingi mia mbili ni kodi ya ofisi ya saa tatu, na ni rahisi sana. Kosa ni kuketi dakika kumi, kunywa haraka haraka kwa sababu unaogopa weita, kisha kuondoka. Umelipa kodi na hukulala ndani ya nyumba.

Kuhusu chai yenyewe, nitasema ninavyoona: mingi ya mikahawani haina nguvu. Weita atakuuliza, “Miksi ama speshali?” Wengi wetu hujibu speshali kwa sababu ya jina. Speshali maana yake ni kwamba utaletewa maziwa moto kwenye birika, kijifuko cha majani pembeni, na sukari, ujichanganyie mwenyewe. Maziwa yakiwa yamepoa kidogo tu, majani hayafunguki, na unabaki kunywa maziwa yenye rangi ya karatasi kuukuu. Miksi ndiyo chai iliyopikwa, maji, maziwa na majani pamoja kwenye sufuria moja. Mtindo huo, pamoja na tangawizi na iliki, tuliurithi kwa Wahindi waliokuja enzi za reli, tukaufanya wetu hadi tukasahau. Ukiwa mkahawani, agiza miksi. Ukiona aibu, ni shauri yako.

Kati ya mkahawa wa vioo na kibanda kuna hoteli za kizamani, na Nakuru bado inazo, kwenye mitaa ya nyuma, karibu na stendi za magari na masoko. Utazijua: kabati la kioo lenye mandazi na chapati, sinki kwenye kona yenye kipande cha sabuni, keshia ameketi karibu na mlango anayeona kila anayetoka. Meza huchangiwa. Ukiketi peke yako kwenye meza ya watu wanne, dakika mbili baadaye utakuwa na mzee wa kofia mbele yako anayesoma gazeti, na hatakuomba ruhusa. Chai huja ikiwa moto wa kuchoma ulimi, imejaa hadi kwenye sahani. Ndiyo, wazee bado huimimina sahanini ipoe, wakanywa kwa kuvuta. Usicheke, fizikia iko upande wao: sahani ni pana, joto linatoka upesi.

Lakini nilitaka kukupeleka Kariandusi.

Wengi wetu tunaijua kwa mambo mawili: ile safari ya shule ya msingi kwenye jumba la makumbusho, na vumbi jeupe la machimbo ya dayatomaiti. Pale ndipo Louis Leakey na wenzake walipopata mashoka ya mawe mwaka wa 1928, mengine yametengenezwa kwa jiwe jeusi linalong’aa kama chupa. Watu walikuwa wakikaa pale, wakila pale, mamia ya maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajafikiria kuchemsha majani. Kando kidogo ni Kikopey, ambako Nairobi nzima husimama kula nyama choma. Nyama ina wateja wake wa mchana na jioni. Asubuhi ni ya chai.

Enda mapema, kabla ya saa moja. Baridi ya kutoka upande wa Ziwa Elementaita saa hizo si ya mchezo. Kibanda ni mabati na mbao, jiko la kuni ama makaa, sufuria nyeusi kwa nje na safi kwa ndani. Maji na maziwa yanachemka pamoja, majani yanatiwa kwa kiganja bila kupimwa, chai inapanda hadi ukingoni, inainuliwa kabla haijamwagika, inarudishwa, inapanda tena. Mara mbili ama tatu. Kisha inachujwa na kutiwa kwenye chupa. Hapo ndipo siri ilipo: kikombe cha kwanza baada ya kuchujwa na kikombe cha chupa ileile saa nne baadaye si chai moja. Kilichokaa kimekuwa kichungu na maziwa yamechoka. Kwa hivyo usiagize tu. Uliza: “Mathe, hii ni ya saa hizi?” Hatakasirika. Anajua unajua.

Rangi pia hueleza jambo. Mvua ikinyesha vizuri, nyasi ziko, maziwa kutoka Nyandarua yanakuja kwa wingi na chai inakuwa nzito. Ukifika Februari, jua kali, maziwa yakipanda bei, kikombe kinabaki shilingi ileile lakini rangi inakolea kwa sababu maji yameongezwa. Ukitaka kujua hali ya ukame, huhitaji kungoja taarifa ya saa moja.

Na watu. Kwenye benchi hilo utakaa na dereva wa lori aliyelala ndani ya gari, kibarua wa machimbo mwenye viatu vyeupe, fundi wa pikipiki, mama anayepeleka viazi sokoni. Hawazungumzi nawe moja kwa moja, wanazungumza tu, na wewe unasikia. Unasikia nani anajenga na anatafuta watu wa kubeba mawe, lori gani linarudi Naivasha tupu, nani ameacha kazi kwenye shamba la maua. Vijana wengi hapa hawakupata kibarua chao cha kwanza kwa kutuma barua pepe. Walikipata kwa kuwa mahali fulani, saa fulani, wakiwa na kikombe mkononi. Mkahawani kila mtu ana vipokea sauti masikioni, huwezi kusikia lolote. Na ukiwa huna pesa leo, kibandani kuna daftari. Jaribu kumwambia keshia wa jijini akuandike.

Kuna jambo moja la sehemu hizi ambalo lazima tuliseme, ingawa halipendezi. Ni maji. Bonde la Ufa limekaa juu ya miamba ya volkano, na maji mengi ya visima hapa yana madini ya floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo asili ya yale meno ya kahawia ambayo wengi wetu tumechekewa tukifika shule za mbali, hadi mtu anajifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Majani ya chai nayo yana floraidi yake. Na kuchemsha, ambako huua vijidudu, hakuondoi floraidi hata kidogo. Maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki inazidi kukolea. (Chemchemi za maji moto za kando ya Elementaita ni za kuoga. Usipate wazo la kuokoa makaa.)

Wewe ambaye umeshamaliza shule, meno yako hayawezi kubadilika rangi kwa sababu hiyo sasa. Madhara hayo hutokea utotoni, kabla ya miaka minane hivi, jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Mdogo wako wa miaka mitatu anayepewa chai asubuhi, mchana na jioni ndiye wa kufikiriwa. Yeye mpikieni vitu vyake kwa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, ama yaliyopitishwa kwenye vichujio vya mkaa wa mifupa, vile ambavyo mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru umetengeneza kwa miaka mingi. Kibandani unaweza kuuliza maji ni ya wapi. Wenye tangi la mvua hulitaja kwa fahari.

La mwisho, na ndilo lililonifanya niandike sasa badala ya mwaka ujao. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit. Barabara hiyo inapita Gilgil, inapita Kariandusi, inaingia Nakuru. Itakuwa pana, itakuwa ya kulipia, na Mungu akijalia itapunguza ajali ambazo zimetumaliza. Sina ugomvi nayo. Lakini angalia vibanda vimesimama wapi. Vingi viko hatua chache kutoka kwenye lami, kwenye ardhi ambayo si ya mwenye kibanda. Barabara ikipanuka, kitu cha kwanza kuondoka ni benchi. Na barabara ya kasi haina pa kusimama kwa ghafla kwa ajili ya kikombe cha shilingi 25. Pale panapojengwa vituo vya kupumzikia, wanaomudu kodi mara nyingi ni wale wale wa mikahawa ya vioo.

Wenye vibanda wanahitaji sehemu iliyotengwa karibu na vituo hivyo, yenye maji na choo, na kodi inayolingana na biashara ya mandazi ya shilingi kumi. Hilo ni la kuulizwa kwenye mikutano ya kutoa maoni, ambayo vijana wa wadi zetu huwa hatuendi, tunawaachia wazee halafu tunalalamika mitandaoni. Mkutano ukitangazwa Gilgil ama Elementaita, enda. Wengi huanza saa nne asubuhi, saa ambayo chupa ya pili inakuwa imejazwa, kwa hivyo pita kibandani kwanza, agiza miksi na ndazi mbili, umuulize mathe angependa useme nini.