Kisu cha Kukunja Kinapofungia Kidole

Kijana mwendesha bodaboda wa Hamugembe, katika Manispaa ya Bukoba, anahitaji kamba ya kufungia mikungu miwili ya ndizi nyuma ya pikipiki. Anachukua tyubu kuukuu ya baiskeli na kufungua kisu chake cha kukunja. Badala ya kukata, anatoboa: ncha inasukumwa kwenye mpira kwa nguvu ya mkono mzima. Mpira unagoma. Loki ya kisu inaachia, bapa linarudi kwenye mpini, na njiani linakutana na kidole cha shahada na kidole cha kati cha mkono uleule ulioshika kisu. Damu inatoka, lakini si nyingi. Anafunga kitambaa, anamaliza safari, na jioni anashonwa nyuzi tatu katika kila kidole. Wiki tatu baadaye anarudi akisema kidole cha shahada kimekataa kukunja.

Kijana huyo si mtu mmoja mwenye jina. Ni mfano uliounganishwa kutokana na jinsi majeraha haya yanavyotokea, na jinsi yanavyopita mbele ya macho ya watoa huduma bila kutambuliwa. Kidonda chenye urefu wa sentimita moja na nusu hakimtishi mtu. Kinachopaswa kutisha ni kile kilichokatwa chini yake.

Eneo la Kagera halina ugeni na makali. Katika Katuruka, karibu na Maruku, watafiti walifukua mabaki ya matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi mafundi wa Kihaya walivyojua kupata chuma cha pua. Omuhoro, ile zana ya shambani yenye ncha iliyopinda, ni bapa lisilokunjika: chuma kimeshikamana na mpini wake moja kwa moja. Huweza kumkata mtu kwa njia nyingi, lakini hauwezi kujifunga juu ya vidole vya anayeushika. Kisu cha kukunja kilikuja na hatari mpya. Kile kiitwacho Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, wakati Bukoba ikiwa kituo cha Wajerumani, nacho kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamemtambua. Utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini mnamo mwaka 1988. Leo kando yake zipo aina nyingine nyingi, nyingi zikiwa za bei ndogo, na mnunuzi huangalia zaidi makali kuliko loki.

Hilo ni kosa, kwa sababu loki ndiyo inayoamua vidole vitabaki salama au la. Baadhi ya visu vya kukunja havina loki kabisa. Bapa hushikiliwa na springi ya mgongoni tu, nayo humruhusu mtu yeyote kulifunga kwa kulisukuma. Vingine vina jino mwishoni mwa springi hiyo, linaloingia katika pengo lililo kwenye kisigino cha bapa. Okapi yenye loki hutumia wazo hilohilo kwa meno kadhaa, na pete ndogo ya kuinulia springi. Kisu cha Opinel cha Ufaransa, tangu mwaka 1955, kina pete ya chuma inayozungushwa shingoni ili kuziba njia ya bapa. Aina iliyoenea sana katika visu vya kisasa, iliyobuniwa na Michael Walker wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutumia bamba jembamba ndani ya mpini. Bapa likifunguka, bamba hilo hujisogeza na kuegemea nyuma ya kisigino chake.

Zote hizo zinapambana na hesabu moja. Bapa lina urefu wa sentimita 9, ilhali loki hulishika kwa umbali wa takribani nusu sentimita tu kutoka kwenye pini linapozungukia. Iwe milimita 6. Kani ya kilo 5 inayokandamiza mgongo wa bapa penye ncha hufika kwenye loki ikiwa imezidishwa mara 15, yaani kilo 75, juu ya eneo la chuma lisilozidi punje ya mchele. Chuma laini, mchanga, nyuzi za mfukoni, kutu au magamba ya dagaa yaliyokaukia katika pengo la loki yanatosha kufanya loki ikamate nusu tu. Upo pia mkono wenyewe. Mtu anaposhika mpini kwa nguvu na kuusokota, nyama ya kiganja au ya kidole huweza kuibonyeza sehemu ya kufungulia bila yeye kujua.

Hapa pana jambo ambalo watumiaji wengi hawajalifikiria. Anayekata kwa makali hulisukuma bapa kuelekea upande wa kufunguka, hivyo hata kisu kisicho na loki hutulia mkononi. Hatari huja pale anapotoboa, anapobanjua kifuniko, anapochomoa bapa lililonasa kwenye mti, au anapogonga kwa mgongo wa kisu. Hapo kani hugeuka, na loki pekee ndiyo inayosimama kati ya makali na vidole.

Na vidole wakati huo vimekaa vibaya kuliko wakati wowote. Vimekunjwa, kano zake zimekazwa, na upande wa mbele wa vidole umeelekea moja kwa moja kwenye mfereji wa bapa. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja. Ile ya juujuu huishia kwenye pingili ya kati, ile ya kina hufika kwenye pingili ya mwisho. Kandokando yake hupita neva mbili na mishipa miwili ya damu. Kuanzia mkunjo wa kiganja hadi katikati ya pingili ya kati, kano zote mbili hupita ndani ya ala moja nyembamba. Sehemu hiyo Sterling Bunnell, mpasuaji wa Marekani, aliifananisha na ardhi isiyo na mwenyewe iliyo kati ya majeshi mawili, kwa jinsi kushona kano humo kulivyoshindikana katika zama zake. Ilikuwa mwaka 1967 ndipo Harold Kleinert na wenzake walipochapisha matokeo yaliyowashawishi wapasuaji wengi kwamba kano zilizokatwa hapo zinaweza kushonwa mapema na kidole kikafanya kazi.

Kwa nini basi jeraha hupita bila kuonekana? Sababu ya kwanza ni kwamba mgonjwa akiambiwa akunje ngumi, ataikunja. Kano ya kina ikiwa imekatwa, ile ya juujuu bado hukunja kiungo cha kati, na kwa mtazamaji mwenye haraka ngumi inaonekana kamili. Sababu ya pili ni ya hila zaidi. Kano ilikatwa kidole kikiwa kimekunjwa, lakini kidonda hukaguliwa kidole kikiwa kimenyooshwa. Kidole kikinyooka, mahali kano ilipokatwa husogea mbele ya kidonda cha ngozi. Mkaguzi hutazama ndani, haoni ncha ya kano, na huandika kwamba kano ni nzima.

Uchunguzi unaofaa hauhitaji mashine. Unahitaji dakika tano na maneno machache kabla ya sindano ya ganzi kuchomwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Weka mkono hapa, kiganja kitazame juu, ulegeze. Usifanye chochote.”

Mkono ukilala hivyo, vidole vizima hujikunja vyenyewe kwa ngazi, kidole cha shahada kidogo, cha mwisho zaidi. Kilichokatwa kano hulala kimenyooka kupita wenzake. Muuguzi au tabibu aliyeona hilo tayari ana nusu ya jibu.

“Sasa ninashika pingili hii ya kati isitikisike. Kunja ncha tu.”

“Naituma, mama, lakini haiendi.”

“Usiisaidie kwa mkono mwingine, baba. Inatosha. Sasa nashika vidole vingine vyote vinyooke, kunja hiki peke yake.”

Kipimo cha kwanza ni cha kano ya kina, cha pili ni cha ile ya juujuu, ingawa kwa kidole cha shahada hiki cha pili hakiaminiki sana. Maumivu makali mgonjwa anapokunja dhidi ya kizuizi huashiria kano iliyokatwa nusu. Kisha huguswa kila upande wa ncha ya kidole, kulia na kushoto, mgonjwa akiwa amefumba macho. Baada ya ganzi, kipimo hicho hakina maana tena.

Penye shaka, zahanati haihitaji kutafuta kano. Kidonda hukandamizwa kwa kitambaa safi hadi damu ikome. Waya, uzi au mpira haufungwi kwenye shina la kidole. Majivu, unga wa kahawa na mafuta ya taa havina kazi hapo. Kidonda huoshwa kwa maji safi mengi, ngozi hufungwa, na banzi huwekwa nyuma ya mkono, viungo vya shina la vidole vikiwa vimekunjwa na vidole vyenyewe vimenyooshwa. Kinga ya pepopunda huulizwa kwa kila mtu, na zaidi kwa wanaume: wanawake huipata kliniki wakati wa ujauzito, lakini mwanaume aliyechanjwa utotoni anaweza kufikisha miaka 40 bila kuongezewa dozi hata moja.

Kisha barua ya rufaa, siku hiyohiyo. Kano hushonwa vizuri zaidi katika siku chache za mwanzo, na bado inawezekana kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Zikipita tatu au nne, misuli imeshavuta ncha ya kano kuelekea kiganjani na ala imesinyaa. Linalobaki mara nyingi ni kupandikiza kano, pengine kwa operesheni mbili zinazotenganishwa na miezi. Kwa mtu wa Hamugembe, tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya safari fupi hadi hospitali ya mkoa na safari ya kutwa nzima kwa basi hadi Bugando, huku mwenye pikipiki akidai hesabu yake.

Kuhusu kisu chenyewe, loki hupimwa kabla ya kununua. Mpini hushikwa ubavuni kwa vidole visivyoingia katika mfereji, na mgongo wa bapa hukandamizwa taratibu kwenye ukingo wa meza, kisha kwa nguvu zaidi. Kikijifunga, kirudishwe. Bapa lililofunguka halipaswi kucheza juu na chini. Pengo la loki husafishwa kwa kijiti na tone la mafuta, hasa kwa wavuvi na wanaopaa samaki. Hata loki iliyofaulu yote haya ni kinga ya pili tu. Kutoboa mpira, ngozi au debe ni kazi ya msumari, ya tindo, au ya kisu kisichokunjika chenye ala.

Kijana wa mfano huu alikatwa mkono wa kulia. Kwenye pikipiki nyingi, kidole cha shahada na cha kati cha mkono huo ndivyo vinavyovuta breki ya mbele. Kano ikishonwa, huvaa banzi kwa takribani wiki 6 huku akikisogeza kidole kila siku kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi nzito husubiri hadi karibu wiki ya 12. Kabla ya kumruhusu abebe abiria, mtaalamu anaweza kumpeleka nje hadi pikipiki yake ilipoegeshwa na kumwambia avute breki hiyo mara 10, polepole, kwa vidole viwili hivyo tu.