Hoteli Ndogo Wakati wa Karantini: Jiko Lisizimwe

Watu wanapoukumbuka mwaka 2020, wengi hutaja shule zilizofungwa na amri ya kutotoka nje usiku. Wachache huzitaja hoteli ndogo za chakula, zile zenye meza tatu na mabenchi mawili karibu na kituo cha mabasi au lango la kambi, ambako askari, fundi na karani hula posho na maharage saa za mchana. Hata hivyo ni biashara chache zilizoumia upesi kama hizo. Duka la nguo likifungwa mwezi mzima, nguo hubaki kuwa nguo. Hoteli ikifungwa siku mbili, nyanya zimeoza, nyama imeharibika, na mtaji wa kesho umekwenda pamoja nazo.

Hapa Uganda, ugonjwa wa korona ulipoingia mwezi Machi 2020, usafiri wa abiria ulipigwa marufuku, na kabla mwezi haujaisha watu wakaamriwa wasionekane nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wauza vyakula masokoni waliachwa waendelee kwa sharti la kulala huko huko, wakafunga vyandarua vyao katikati ya bidhaa. Bodaboda walikatazwa abiria, lakini mizigo wakaruhusiwa. Tarehe 4 Mei Rais Museveni alitangaza kwamba hoteli za chakula zaweza kufunguliwa, ila kwa chakula cha kubeba tu. Na mwishoni mwa mwezi huo wateja wakaruhusiwa kuketi kwa kuachana nafasi. Baa zilingoja hadi Januari 2022.

Ruhusa hiyo ya chakula cha kubeba haikuhitaji fedha za hazina. Hata hivyo, kwa mama mwenye sufuria nne, naamini ilikuwa msaada mkubwa kuliko mipango mingi yenye majina marefu. Jirani zetu wa Kenya, mwezi Aprili 2020, walipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14. Lilikuwa jambo jema kwa mahoteli makubwa. Lakini auzaye chai na mandazi kibandani hakuandikishwa katika kodi hiyo, basi angepunguziwa nini? Huko Uingereza, mwezi Agosti mwaka huo huo, Serikali ililipa nusu ya bei ya chakula, isiyozidi pauni 10 kwa kila mlaji, siku za Jumatatu hadi Jumatano, kwa sharti kwamba mlaji aketi na kula pale pale. Meza zilijaa, na baadaye wapo wataalamu walioonyesha kwamba mpango huo ulichangia kuueneza ugonjwa. Sisi hatukuwa na pauni za kugawa. Tulikuwa na bodaboda na jani la mgomba.

Jani la mgomba silitaji kwa mzaha. Mama zetu wamefunga matoke na luwombo ndani yake tangu zamani; hulinda joto, halichuruzi likifungwa vizuri, na bei yake haifiki ya kisanduku cha plastiki. Mteja naye aweza kuleta bakuli lake lenye kifuniko. Mwenye hoteli apunguze aina za chakula ziwe mbili au tatu, apokee maagizo kwa simu tangu jana yake, apike kadiri ya maagizo hayo, na nguvu zake aziweke kwenye chakula cha mchana. Chakula cha jioni hakina faida pale ambapo mpishi na msaidizi wake hawana budi kufika nyumbani kabla ya saa moja.

Sasa nawageukia wasomaji wenyewe. Katika miezi ile, dereva wa teksi hakupata kitu, wala kinyozi, wala mwalimu wa shule ya kulipia. Mshahara wa askari na polisi uliendelea kuja. Kwa hiyo, mke wa askari aliyelipa deni la mwezi uliopita bila kungoja kukumbushwa, au aliyetanguliza fedha za chakula cha wiki moja, alimpa mwenye hoteli kile ambacho benki isingempa: mtaji wa kwenda sokoni kesho. Aliyekula kwa mkopo katika siku zile alikuwa anakula sufuria yenyewe. Mwenye nyumba naye, akikubali kodi kwa mafungu, huokoa mpangaji wake. Chumba kitupu wakati wa karantini hakipati mtu wa kukipanga.

Liko na suala la kizuizini. Mnamo Machi 2020 wachuuzi walipigwa mjini Kampala na baadhi ya waliotumwa kusimamia amri, na uongozi wa jeshi ukaomba radhi hadharani. Anayesimama barabarani yafaa ajue siyo tu lililokatazwa, bali pia lililoruhusiwa. Kijana wa bodaboda mwenye vifurushi vya chakula, akirudishwa au akisimamishwa saa mbili juani, hasara humwangukia mpishi, na mgonjwa aliyeagiza uji hulala na njaa.

Karantini inaweza kurudi, hata kwa wilaya moja tu. Mwezi Oktoba 2022, kwa sababu ya Ebola, Mubende na Kassanda zilifungwa, watu wasitoke wala wasiingie, na haikuwa hadi Desemba ndipo zikafunguliwa. Mwenye hoteli aliyekuwa na namba za simu za wateja wake daftarini hakuanza upya.

Neno moja kwa walio jikoni nyumbani. Chakula cha kubeba kiliwe kingali cha moto, kisizidi saa mbili tangu kuepuliwa. Mchuzi uliobaki usiachwe juu ya meza mpaka jioni. Na kama umehifadhiwa mahali pa baridi, uchemshwe hadi utokote kabla ya kupewa watoto. Wali uwe wa kwanza kuliwa, maana huharibika upesi bila kubadili harufu.