Kutoka Tarime hadi Pwani: Joto Hili Utalizoea Vipi?

Majina ya kidato cha tano yametoka. Umesoma Tarime au Mugumu miaka yote, na sasa umepangiwa shule ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Wenzako wanakutania kwamba utaiva kama ndizi. Ni kweli utaiva?

Hapana, ila mwili utapata kazi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata Musoma, tunakokuita "kwenye joto", ni juu sana ukilinganisha na Pwani. Tarime mjini ni juu zaidi. Kila ukishuka mita 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi kama 6 hivi. Halafu kuna unyevu wa bahari. Jasho lenyewe halikupozi, kinachokupoza ni kule kukauka kwake. Pwani hewa imeshiba maji, basi jasho linatiririka tu, shati linakuganda mgongoni, na wewe bado unaungua.

Habari nzuri ni kwamba mwili unajifunza. Ndani ya wiki moja hadi mbili, maji ya kwenye damu huongezeka, moyo hauendi mbio kama mwanzo, unaanza kutoka jasho mapema, na jasho hilo linakuwa na chumvi kidogo. Lakini lazima upite kwenye joto kidogo kidogo. Usikimbilie mpira wa saa nane mchana siku ya pili ili waone vijana wa Mara ni ngangari! Cheza jioni, ongeza muda taratibu. Kunywa maji kabla kiu haijakubana, na uangalie mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza maji. Vidonge vya chumvi vya nini? Chumvi ya kwenye mboga inatosha.

Sasa sikiliza hapa. Kichwa kikiuma, ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, kaa kivulini, legeza tai, jimwagie maji, kunywa taratibu. Mara nyingi utapata nafuu ndani ya nusu saa. Usipopata, nenda zahanati. Wengi wetu tukiumwa kichwa tunasema "malaria hiyo" na kununua dawa ya mseto dukani. Usifanye hivyo. Kipimo cha malaria ni tone la damu kidoleni na majibu hutoka chini ya nusu saa. Huenda ni joto, huenda kweli ni malaria, na huwezi kujua kwa kubahatisha.

Mwenzako akianza kuongea ovyo, akiyumba au akizimia huku mwili unachemka, hiyo ni hatari ya kufa. Joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo unaumia. Mwite mwalimu, tafuteni gari. Wakati mnasubiri, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mengi na mmpepee kwa daftari au chochote kile. Panadol haisaidii hapa. Wala msimnyweshe maji kama hajitambui, yatampalia.

Na chandarua? Usiku bwenini utasema kinazuia upepo, ukitoe. Usikitoe! Oga kabla ya kulala, vaa nguo nyepesi ya pamba, omba kitanda cha karibu na dirisha.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: Ukiripoti Julai, Pwani iko kwenye kipupwe, kwa hiyo utaona mbona kawaida tu. Desemba unarudi nyumbani Tarime, unajifunika blanketi, na mwili unaanza kusahau ulichojifunza. Wiki chache zinatosha. Januari unashuka tena, wakati huu kwenye joto kali la mwaka, na zile wiki mbili unazianza upya.