Stenlesi si Aina Moja

Vijana wetu wa Vurra mnaojifunza kuchomelea, msidhani kila chuma kisichoshika kutu ni sawa. Shika sumaku kwanza. Isiponata, mara nyingi hiyo stenlesi ni 304, yenye nikeli. Rodi yake ni 308L. Ikinata sana, huenda ni 430, na hiyo ukiizidishia moto inavunjika upesi. Kuunga stenlesi na chuma cha kawaida, tafuta 309L. Rodi ya kawaida ni bei rahisi kweli, lakini kiungo kinapasuka, kutu inaingia, mteja anadai pesa yake.

Wazazi, moshi nao! Mwaka 2017 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba moshi wa kuchomelea unaleta kansa ya mapafu. Wa stenlesi una kromiamu. Kijana achomelee nje, upepo ukipita ubavuni, watoto wakae mbali.